Watoto Kumi kwa Kichupa Kimoja

Tangu nirudi, hakuna anayepita dukani akauliza bei ya sufuria. Mtu anasimama, anagonga beseni kwa kidole kama mnunuzi, kisha anasema, "Ati ulikwenda Njukini kuuza dawa ya panya?" Nimewajibu vipande vipande, mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Basi nimeandika yote kwa mkupuo mmoja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hii asome, na akimaliza nitamtajia bei ya beseni.

Voi, kwenye neno "imeisha"

Mjukuu wangu Swabra alitimiza miezi tisa. Mnaomjua mnakumbuka alivyozaliwa, mdogo kama mkate wa mofa, na jinsi mama yake Zuhura, binti yangu, alivyomlea kifuani mpaka akashika uzani. Baba yake huendesha lori la Malaba. Huonekana kama mwezi mwandamo: kwa bahati, na kwa ushahidi wa watu wawili.

Miezi tisa ndiyo zamu ya chanjo ya surua. Zuhura alikwenda kliniki akaambiwa imeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi. Imeisha. Safari ya tatu nikafuatana naye, maana hilo neno "imeisha" mimi nalijua, nimelitumia miaka mingi nyuma ya meza yangu. Kwenye biashara kitu kikiisha, maana yake kiko chini ya meza kinamngoja mtu mwenye adabu. Nikaenda na adabu yangu mfukoni. Muuguzi akanitazama kwa macho ya mtu aliyechoka, akasema, "Mzee, hata wangu mwenyewe hajapata." Nikarudi na adabu yangu haijapungua hata senti.

Kwa daktari wa kulipia nikaambiwa anachota kwenye kisima kile kile cha serikali. Shemeji yangu akaulizia Mombasa: hali ni ile ile.

Ningengoja kama wengine. Lakini katika ploti yetu mtoto wa jirani aliamka macho mekundu, akakohoa siku mbili tatu, kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka shingoni. Mlango wao na wetu umetenganishwa na kamba ya nguo. Zuhura akafunga dirisha katika joto la Voi, akaketi ndani na mwanawe kama watu wanaojificha mvua ambayo haijanyesha.

Marehemu mama yangu alipoulizwa ana watoto wangapi, hakutaja idadi. "Ngojeni surua ipite," ndilo lilikuwa jibu lake. Nilidhani ni mzaha, mpaka alipokuja kunionyesha makaburi mawili madogo ya walionitangulia. Siku ile aling'oa majani tu.

Basi mama mmoja wa Wusi alikuja kununua sufuria, na katikati ya kuvutana bei akasema kwamba dispensari ya kwao walichanja watoto wiki iliyopita. Nilimwachia sufuria kwa bei aliyoitaka. Asubuhi yake tukaondoka: mimi, Zuhura, Swabra, na mabeseni kumi na mawili ya plastiki. Sikuzoea kusafiri mikono mitupu, na nauli lazima irudi kwa njia fulani.

Wusi, mbele ya friji

Mpaka Mwatate tulipata teksi ya Probox, na kutoka hapo tukapanda milima kwa boda mbili. Nilimwambia mmoja wa vijana wa boda kwamba mtoto mchanga halipiwi.

"Kweli, mzee," akasema. "Mtoto halipi. Mabeseni ndiyo yanalipa."

Nikaona nimekutana na mwenzangu.

Huko juu kulikuwa na ukungu. Swabra ni mtoto wa Voi, ukungu hajawahi kuuona. Aliufungulia kinywa ukimjia, akakifunga, akatafuna, akashangaa hakuna kitu. Akarudia hivyo njia nzima. Zuhura alicheka, na nikagundua sikuwa nimemsikia akicheka tangu yule mtoto wa jirani augue.

Kwenye benchi la dispensari akina mama walinipisha. "Babu, ni wewe unanyonyesha?" mmoja akauliza.

"Mimi naulizia bei tu," nikamjibu.

Muuguzi wa pale, Sista Mghoi, ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Akatwambia ya mwisho ilimalizika Alhamisi. Nikamwomba tuzungumze kando.

"Sista, mimi mtu wa biashara. Nipe ile ya chini ya meza."

"Meza gani?"

"Yoyote." Nikampa mkono, na ndani ya mkono noti imekunjwa kistaarabu.

Angekasirika ningejua la kufanya. Alifungua kiganja, akaitazama ile noti kama mdudu ambaye hajulikani kama anauma, akanirudishia. Kisha akanishika kiwiko, akaniingiza chumba cha ndani, akafungua mlango wa friji.

"Tazama mwenyewe. Upesi, baridi inatoka. Hii ya pepopunda. Hii ya kuharisha. Surua hukaa hapa." Akaweka kidole mahali patupu.

Nimeona rafu tupu nyingi maishani, nyingine zangu. Hiyo haikuwa na chini ya meza.

"Uko kwenye chama cha michango, mzee?" akauliza akifunga friji.

"Viwili."

"Mwenzenu mmoja akichelewesha mchango, inakuwaje?"

"Zamu inasimama. Na maneno yanaanza."

"Basi chanjo nazo ni chama. Wafadhili wanaweka fungu lao, serikali yetu inaweka lake. Na wafadhili wanapunguza kidogo kidogo, wanasema sisi sasa tunajiweza. Fungu letu likichelewa, mzigo haupandi ndege."

"Na nani aliyechelewesha?"

"Mimi niko Wusi, baba. Nikijua nitakupigia."

Akamtazama Swabra, aliyekuwa ametia ukosi wa kanzu yangu mdomoni, na akatoa simu yake. Akampigia huyu, akampigia yule. Simu ya nne akatabasamu. "Mwende, una surua? Moja? Haijafunguliwa?" Alipokata akatwambia: "Njukini, kule juu ya Taveta. Mwenzangu ana kichupa kimoja, amekikalia kama kuku."

"Kwa nini asikitumie?"

"Kichupa kimoja ni watoto kumi. Ni unga, unachanganya na maji yake, na baada ya masaa machache kilichobaki unamwaga. Watoto wanamjia mmoja leo, mmoja wiki ijayo. Akifungua kwa mmoja, wa tisa amewamwaga kwenye ndoo. Wakati ziko nyingi tunafungua tu, hata kwa mmoja. Lakini sasa?"

"Aite tisa."

"Waliokuwa wakiita ni wahudumu wa kijiji, mlango kwa mlango. Pesa ya nauli yao haijaonekana. Na mama ukimwambia rudi, rudi, mwisho harudi."

Alitugawia chakula chake cha mchana, kimanga, viazi vitamu na maharagwe vimepondwa pamoja, kizito cha kumshikilia mtu mpaka jioni. Nilitaka kumwachia beseni. Akauliza kwanza kama ni adabu tena. Nikamwambia hili ni beseni tu, halina kitu ndani. Akalipokea.

Maktau, kwenye kivuli cha lori

Tulishuka tena Mwatate, tukampata Mwakio, dereva anayekwenda Taveta kuchukua ndizi na lori lisilo na mzigo. Tulikubaliana bei, kisha tukakubaliana tena alipoona mabeseni. Zuhura na mtoto walikaa mbele pamoja nasi, na sisi wanaume tukagawana kazi: Mwakio usukani, mimi maneno.

Tulipokaribia Maktau gurudumu la nyuma likapasuka. Mwakio alikuwa na gurudumu la akiba, alikuwa na spana, ila jeki alikuwa amemwazima mtu. Hakukumbuka nani. Tukakaa kando ya barabara nyekundu, mbuga pande zote, tukingoja gari lenye jeki na utu.

Jua lilikuwa kali. Nilichukua beseni kubwa kuliko yote, Zuhura akatandika kanga ndani, tukamlaza Swabra kwenye kivuli chini ya lori. Alishika kingo za beseni kwa mikono miwili kama nahodha, akalala mdomo wazi. Mama yake alimpepea kwa kifuniko cha sufuria alichokitoa Mwakio nyuma ya kiti.

Mwakio alikuwa na hasira na dunia. "Mzee, kwa nini tungoje wafadhili? Kodi si tunalipa? Serikali inunue yote, tumalizane."

"Kodi unalipa wewe?"

"Mafuta ninayonunua yana kodi."

"Hapo umenishinda," nikasema.

"Halafu hao wafadhili nao. Kama wameamua kusaidia, wasaidie. Kusaidia nusu ni nini?"

Nikamweleza habari ya chama alivyonieleza Sista. Akatupa vijiwe barabarani, kimoja kimoja. "Kwa hivyo," akasema mwishowe, "hatujafukuzwa kwenye chama. Tunaambiwa tumekua."

"Ndiyo."

"Na tumekua?"

Nilimwambia asiulize mtu aliyekaa kando ya barabara kwa sababu ya jeki.

Zuhura alikuwa akisikiliza. Akasema bila kututazama, "Nyinyi mnaongea kama watu wenye muda. Mimi kila nikimgusa paji la uso nafikiri limepata moto. Baba, tukifika na kimefunguliwa?"

"Hakijafunguliwa."

"Umejuaje?"

Sikujua. Nilimwambia amepepea sana, anipe kifuniko nami nimpepee. Tulipopata jeki alasiri ilikuwa imeingia, na tulipofika Taveta dispensari zote zilikuwa zimefungwa. Tulilala kwa dada yake Mwakio, aliyetupikia ndizi na nyama na kukataa katakata kununua beseni.

Njukini, bei ya nafasi ya kumi

Asubuhi tulifika Njukini, na Mungu ametupangia siku ya soko. Sista Mwende ni kijana, mrefu, anatembea haraka kuliko anavyoongea.

"Nilipigiwa kwamba unakuja, mzee. Nikaambiwa na habari ya mkono wako. Uache mfukoni."

Kichupa kilikuwepo, hakijafunguliwa. Zuhura alivuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Maktau. Lakini Sista hakuwa amemaliza.

"Hiki ni cha watoto wa hapa."

"Voi na hapa si kaunti moja?"

"Kaunti ni moja. Lakini nikimpa wa Voi, kesho wa hapa akaugua, mama yake atakuja kuniuliza mimi. Hataenda kuuliza Voi."

Hoja nzuri huniudhi, kwa sababu haina pa kushika. Nikajaribu upande mwingine.

"Nikikuletea watoto tisa wa hapa, leo hii?"

"Hutaweza. Nimejaribu mwezi mzima."

"Nikiweza?"

Akamtazama Swabra. "Wako atakuwa wa kumi. Wa hapa kwanza, yeye mwisho."

"Wa tano."

"Wa kumi."

"Wa saba, na nakuachia beseni."

"Babu, wa kumi. Na beseni uende nalo."

Tukapeana mikono. Safari hii mkono ulikuwa mtupu.

Sokoni, na kipaza sauti cha panya

Nilimwacha Zuhura kwenye benchi, nikaingia sokoni kati ya magunia ya mahindi na maharagwe. Sauti yangu ni ya dukani, haifiki mbali. Lakini kulikuwa na kijana mmoja, Musyoka, mwenye baiskeli na kipaza sauti, akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi, huku yeye anakula muwa. Nilimwambia naazima chombo chake. Akataka pesa. Tukamalizana kwa mabeseni mawili.

"Chanjo ya surua dispensari! Bure! Bure kabisa!" nikatangaza.

Soko halikugeuka. Aliyegeuka alikuwa mama mmoja muuza ndizi, na binti yake amekaa juu ya gunia akimenya moja. Wanamwita Mama Wakesho.

"Mzee," akasema, "panya wetu hawana surua."

Meza zote za jirani zikacheka. Kijana mmoja akataka kujua panya anachomwa paja gani.

"Si ya panya, mama. Ni ya watoto. Na ni bure."

"Bure yenu tunaijua. Nimeenda na bure, nikarudi na bure. Siku ya soko nikaipoteza bure."

Nilisimama pale na kipaza sauti cha watu, nikafikiri kama mtu wa biashara kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani. Bure haiuzi. Haijawahi kuuza. Kitu cha bure mtu anajua kesho kipo. Nikakiinua tena kile chombo.

"Imebaki moja! Kichupa kimoja tu, watoto kumi tu! Anayechelewa asinilaumu! Imebaki moja!"

Miaka yote nimesema hivyo juu ya sufuria, na nyuma yangu zimejaa. Siku hiyo ilikuwa kweli, na nadhani ukweli ulisikika. Mama Wakesho aliweka kisu chini.

"Imebaki moja kweli?"

"Wallahi."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo." Akamwachia jirani ndizi zake, akamtupa Wakesho mgongoni. "Huyu wangu ana mwaka na nusu, alipata ya kwanza, ya pili ndiyo tumezungushwa. Twende, kuna wawili nyuma ya posho mill, na yule wa fundi cherehani."

Mama huyo alijua kila nyumba yenye nepi kwenye kamba. Alikuwa akiingia bila kubisha na kutoka na mtu. Musyoka naye akaniambia, "Mzae, hiyo yako imeshika. Irekodi mara moja, mimi nizunguke nayo." Nikairekodi. Akapanda baiskeli akaondoka na sauti yangu kuelekea mashambani, na mimi nikarudi dispensari nyuma ya msafara wa akina mama kama mchungaji.

Benchi

Walikuwa tisa. Niliwahesabu kutoka kushoto, nikawahesabu kutoka kulia. Na Swabra wa kumi. Sista Mwende aliwahesabu pia, akanitazama, akaingia ndani. Akatoka na kichupa, akavunja kifuniko, akachanganya ule unga na maji yake. Benchi lote likanyoosha shingo.

Alianza na wadogo. Mmoja baada ya mwingine walilia, wakanyonyeshwa, wakanyamaza. Wakesho alikuwa wa tisa, maana ni mkubwa. Swabra mwisho, kama tulivyokubaliana. Walipomaliza nane, Zuhura alikuwa ameshamfunua paja.

Ndipo akaingia mama mmoja, kanga imeloa jasho mgongoni, mtoto amelala. Vumbi lilimfika magotini. Na nyuma yake, mbali barabarani, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikija polepole kwa baiskeli: "Imebaki moja! Anayechelewa asinilaumu!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia Musyoka azime.

"Nimewahi?" yule mama akauliza.

"Ana miezi mingapi?" Sista akamuuliza.

"Kumi. Hajapata. Nilikuja mwezi ule mkaniambia bado."

Sista Mwende hakutazama kichupa. Alinitazama mimi. Zilibaki mbili, na mapaja yalikuwa matatu. Wa hapa kwanza, tulishikana mikono.  Mtu ambaye huwa na maneno mpaka ya kumuuzia kipofu kioo, nilikuwa nimebaki na neno moja tu, "amechelewa", na aliyemwita ni mimi.

Zuhura akamfunika Swabra paja. Akasimama.

"Kaa hapa, dada. Wa hapa kwanza. Ndivyo baba alivyokubali."

"Na wako?"

"Tutatafuta kwingine." Sauti yake ilikuwa sawa, lakini nilimwona mkono, alivyoivuta ile nguo ya mtoto, akaivuta tena ilhali ilishafika chini.

"We," akasema Mama Wakesho. "Kaa chini."

"Mama, ni haki yake."

"Nimesema kaa. Kwingine wapi, Tanzania?" Akasimama na yeye, Wakesho kiunoni. "Wangu ana moja tayari. Wako hana hata moja, na wa huyu hana hata moja. Kaeni nyote wawili."

"Siwezi kuchukua ya mtoto wako. Wewe ndiye wa hapa."

"Ndiyo, mimi ni wa hapa. Kesho nitakuwa hapa. Ndiyo maana naweza kungoja."

"Mama, siwezi."

"Huchukui. Nakupa. Muulize baba yako mfanyabiashara kama hizo ni bei moja."

"Basi huyu dada achukue, na Wakesho achukue yake, mimi nitoke."

"Na mimi nimetoka zamani, unaongea na nani?"

Maisha yangu yote nimesikia watu wakivutana. Kila mmoja huvutia faida kwake. Hao wawili walikuwa wakivutana kwa nguvu zile zile, na kila mmoja akivutia hasara upande wake, na hakuna aliyekuwa tayari kushuka.

"Mkimaliza mnada," akasema Sista Mwende, "dawa inapata joto."

Akamshika Zuhura bega akamkalisha. Akamchanja mtoto wa yule mama wa vumbi, ambaye aliamka, akalia, akalala tena. Kisha akavuta iliyobaki. Swabra alimtazama Sista kwa mshangao wa mtu aliyepunjwa, akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyepanga bei, na hapo ndipo akalia. Zuhura alilia pia, kimya, uso ndani ya nywele za mtoto. Sista alikitumbukiza kichupa ndani ya boksi.

Mimi nilitoka mbio barabarani, kwa umri huu, nikimpungia Musyoka mikono. "Zima!"

"Lakini mzae, inavuta watu sana."

"Ndiyo maana nasema zima."

Nilipomwendea Mama Wakesho na mabeseni yangu yaliyobaki alichagua moja, akaliinua kwenye jua kutafuta tobo, akakataa kulichukua bila kunipa mkungu wa ndizi. Tulivutana. Alinishinda. Wakesho alikuwa amekaa tena juu ya gunia, hana habari ya alichokikosa, ananitolea ulimi.

Nyumbani, na Jumanne

Jioni ya safari ya kurudi Swabra alipata joto kidogo, kama Sista alivyotuambia. Zuhura alimgusa paji la uso njia nzima, lakini safari hii alikuwa akimwimbia. Mtoto wa jirani vipele vimekauka, ameanza kugombania uji. Dirisha letu liko wazi.

Nimekuwa nikimpigia Mama Wakesho simu. Kule bado hazijafika. Hapa Voi mzigo umeingia, si mwingi, ila umeingia; ni nani aliyelipa fungu lake hatimaye sijaambiwa. Nimemwambia ashuke na mtoto. Alisema ni mbali, alisema ndizi zitaoza, alisema mambo matano. Zuhura akaninyang'anya simu, wakavutana wenyewe, na mwisho amekubali. Wanafika Jumatatu, wanalala kwetu.

Nilikwenda kliniki kumwarifu muuguzi kwamba kuna mtoto anatoka Njukini. Aliniuliza swali moja tu: "Na wengine wangapi?"

Kwa hivyo nyinyi mliokuwa mkiniuliza, habari ndiyo hiyo mmeisoma. Mwenye mtoto au mjukuu ambaye hajapata ya surua, iwe ya kwanza au ya pili, amlete Jumanne asubuhi. Nimeshazungumza na jamaa muuza mbaazi, na mke wa kinyozi, na wale pacha wa nyuma ya msikiti, na bado benchi halijajaa. Mtanikuta hapo mapema, nimekaa mahali pa Wakesho ili mtu asipachukue. Yeye atakuwa wa kwanza. Hapo sipunguzi.